Siyo kila ukungu ni ukungu: somo la Anton de Bary kwa mkulima wa viazi

Wiki hii sianzi na mbolea wala bei ya gunia. Naanza na kosa langu mwenyewe, kosa lililomgharimu mtu mwingine.

Miaka michache iliyopita, mwezi Machi, mvua zimekolea huku kwetu nyanda za juu, kijana mmoja alinipigia simu. Ana ekari moja na nusu ya viazi mviringo, mbegu kanunua kwa mkopo wa kikundi. Majani yameanza kuota mabaka ya majimaji. Mimi nilikuwa nimetoka kwa mkulima wa ngano aliyevamiwa na kutu. Huyo nilimshauri dawa ya tebukonazo na kutu ikasimama kabisa, mpaka jirani zake wakaja kuuliza. Kwa hiyo nilikuwa na kichwa kikubwa. Nikamjibu yule kijana kwenye simu, hata shambani sijafika: ukungu ni ukungu tu, chukua hiyo hiyo.

Akapuliza mara mbili ndani ya siku tisa. Kisha akanipigia tena: "Bwana shamba, dawa imegoma." Nilipofika, shamba lilikuwa jeusi na linanuka. Alitegemea gunia 60. Alivuna 11. Hakunitukana, lakini mkopo aliulipa kwa kuuza ng'ombe wa baba yake.

Nilianza kwa kusema dawa ni feki, maana ndiyo maneno yetu ya haraka. Haikuwa feki. Ilikuwa dawa nzuri iliyopelekwa kwa kiumbe isichoweza kumfanya chochote. Ili nielewe kwa nini, ilibidi nirudi kwenye daftari zangu za chuo, kwa jina ambalo tulilikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau siku ya pili: Anton de Bary. Kwenye daftari langu kulikuwa na mstari mmoja tu: "de Bary, 1861, viazi." Basi leo nawapa mistari iliyobaki.

De Bary alizaliwa mwaka 1831 mjini Frankfurt, Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari, na kijana naye akasomea udaktari. Alihitimu mwaka 1853, na mwaka huo huo akatoa kitabu, lakini hakikuhusu wagonjwa. Kilihusu kutu na fugwe, zile kuvu zinazoshambulia nafaka. Kazi ya kutibu watu aliifanya muda mfupi tu, akaiacha, akaenda kufundisha botania. Alianza Tübingen, kisha Freiburg, Halle, na mwisho Strasbourg, ambako alifariki mwaka 1888 akiwa na miaka 56.

Ubishi mkubwa wa wakati ule ulikuwa huu: ukiona ukungu juu ya mmea unaokufa, je, ukungu ndio umeua, au umekuja baada ya mmea kuanza kuoza? Wataalamu wengi walishika hilo la pili. Na usiwacheke haraka. Ukikuta ng'ombe amekufa porini ana funza, hutasema funza ndio waliomuua. Waliona kuvu kama funza wa mzoga. Chanzo cha ugonjwa, walisema, ni hali ya hewa, mvua na baridi, au viazi vimechoka. Huku kwetu bado tunasema "viazi vimeunguzwa na baridi", kwa hiyo ubishi ule haujaisha kabisa.

Ubishi wenyewe haukuwa wa darasani tu. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ireland, nchi ambayo maskini wake walikula viazi asubuhi, mchana na jioni. Miaka ya njaa iliyofuata iliua watu karibu milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakakimbia nchi. Mwingereza mmoja, mchungaji Miles Berkeley, aliandika mwaka 1846 kwamba kuvu ndiyo inayosababisha. Wengi hawakumkubali, kwa sababu alikuwa na hoja lakini hakuwa na jaribio la kuwafunga mdomo.

Jaribio hilo alilileta de Bary mwaka 1861. Alichukua spora kutoka kwenye majani yenye ugonjwa, akaziweka juu ya majani mabichi yenye afya. Mimea mingine akaiacha bila spora, katika unyevu ule ule na hewa ile ile. Yenye spora iliugua, isiyo na spora ikabaki salama. Kama baridi na unyevu ndivyo vinavyoua, yote ingekufa. Vilevile alifukia viazi vizima ardhini, akamwaga spora juu ya udongo na kumwagilia maji, na viazi vikaoza chini kule. Hapa tunapata sababu ya kupandishia udongo viazi vizuri: tuta nene ni ukuta kati ya spora zinazooshwa na mvua kutoka majanini na kiazi kilicho chini.

Halafu akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lenye utamu zaidi. Aliweka vifuko vya spora kwenye tone la maji, akaangalia kwa hadubini. Vifuko vikapasuka, vikatoka vijidudu vidogo vyenye mikia, vikaanza kuogelea! Vikaogelea kwa muda, vikatulia, vikatoa uzi mwembamba unaopenya ndani ya jani. Leo tunajua kwamba kufunguka huko kunapenda ubaridi, chini ya nyuzi 15 hivi, na kifuko kimoja kinaweza kutoa waogeleaji kadhaa kwa mpigo. Ndiyo maana usiku wa ukungu wa angani na umande mzito ukifuatana siku mbili tatu, shamba linabadilika ghafla. Baridi haikuunguza chochote, ila ilifungua mlango. Jalidi ya kweli, ile ya Juni na Julai, inapiga usiku mmoja, mabondeni kwanza, na haiachi unyoya mweupe chini ya jani.

Alionyesha pia kwamba nyuzi za kiumbe huyu zinaweza kuishi ndani ya kiazi na kupanda na chipukizi. Kwa lugha yetu: maotea unayoyaacha shambani na rundo la viazi vibovu pembeni ya banda ndiyo ghala la ugonjwa wa msimu ujao. Nawaomba, yafukieni.

Baada ya viazi akarudi kwenye kutu ya ngano, na hapa wakulima walikuwa wamemtangulia. Kwa miaka mingi wakulima wa Ulaya walisema ngano iliyo karibu na kichaka cha barberi hupata kutu zaidi. Huko Connecticut, Marekani, sheria ya kung'oa barberi ilipitishwa mwaka 1726. Wasomi walicheka. Kutu ya barberi ni ya rangi ya chungwa, ina vikombe vidogo, haifanani kabisa na kutu ya ngano, na vitabuni zilikuwa na majina mawili tofauti, koo mbili tofauti. De Bary alichukua kutu nyeusi ya ngano iliyolala majira ya baridi, akaiacha iote, akapandikiza spora zake kwenye majani ya barberi. Vikombe vya chungwa vikatokea. Mwaka 1865 akafanya kinyume: spora za vikombe akazipeleka kwenye miche ya rai, nafaka ndugu wa ngano, na kutu ikatoka. Viumbe "wawili" wa vitabuni walikuwa mmoja, anayeishi nusu ya maisha yake kwenye mmea huu na nusu kwenye mmea mwingine.

Huwa najikumbusha habari hii mkulima mzee anaponiambia jambo ambalo sikusoma chuoni. Wale wakulima hawakuwa na hadubini, ila walikuwa na macho na miaka mingi ya kuangalia. Na kutu yenyewe si habari ya Wazungu tu: aina kali ya kutu ya shina iitwayo Ug99 iligunduliwa kwenye ngano Uganda mwaka 1998, na mpaka leo mbegu za ngano kutoka nchi nyingi hupelekwa Njoro, Kenya, kupimwa kama zinaihimili.

Sasa turudi kwenye ekari moja na nusu.

De Bary hakuishia kuthibitisha nani anaua viazi. Alitaka kujua ni wa ukoo gani. Mwaka 1845 kiumbe huyu alipewa jina la Botrytis, akahesabiwa pamoja na kuvu za kawaida. Baadaye akahamishiwa ukoo wa Peronospora. De Bary akaangalia jinsi kikonyo chake kinavyoendelea kurefuka hata baada ya kubeba kifuko cha spora, jambo ambalo Peronospora hawafanyi, na mwaka 1876 akamfungulia ukoo mpya: Phytophthora, kwa Kigiriki maana yake mharibu mimea. Jina kamili ni Phytophthora infestans. Sisi tunamwita bakajani chelewa. Na kundi zima hili, kwa jinsi linavyozaana na kuogelea, de Bary aliona linafanana mno na mwani wa majini.

Aliona hivyo kwa kioo cha hadubini na uvumilivu, bila maabara ya vinasaba. Zaidi ya miaka 100 baadaye sayansi ilipochunguza kuta za seli na vinasaba vyao, ikaonekana alinusa ukweli. Phytophthora na ndugu zake hawamo kabisa kwenye himaya ya kuvu. Wanaitwa oomisiti, na jamaa zao wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini. Ukuta wa kuvu halisi umejengwa kwa kitini, kitu kile kile kilichopo kwenye gamba la mdudu. Ukuta wa oomisiti umejengwa zaidi kwa selulosi na jamaa zake, kama wa mmea.

Unaweza kusema, bwana shamba, hayo ya kuta yananihusu nini? Yanakuhusu kwa sababu dawa haisomi neno "ukungu". Dawa inatafuta kitu fulani ndani ya mwili wa adui. Tebukonazo na ndugu zake wote wanaoishia na "konazo" hufanya kazi kwa kuzuia kuvu kutengeneza mafuta fulani yaitwayo ergosteroli, yanayoshikilia ngozi ya seli. Phytophthora hatengenezi ergosteroli. Hana kiwanda hicho. Ukimpulizia tebukonazo ni sawa na kwenda kukata umeme kwenye nyumba inayotumia koroboi. Karbendazimu nayo ni hivyo hivyo, inafaa kuvu halisi kadhaa, kwa bakajani chelewa haina msaada. Ile ngano ilipona kwa sababu kutu ni kuvu halisi. Viazi vilikufa kwa sababu mimi niliweka majina mawili kwenye gunia moja.

Kwa bakajani chelewa tafuta kiambato kinachomfaa: metalaksili, simoksanili, dimethomofu, mandipropamidi. Kwenye kibandiko majina yameandikwa kwa Kiingereza lakini matamshi ni karibu hayo hayo, na yameandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Soma hayo madogo. Hilo kubwa limewekwa ili ulipende. Na angalia namba ya usajili ya TPHPA.

Mankozebu ni habari nyingine kidogo. Yenyewe inapiga sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo inazuia kuvu halisi na oomisiti wote wawili, lakini inakaa juu ya jani tu, haiingii ndani. Ni mlinzi wa getini. Mwizi akishaingia chumbani, mlinzi wa getini hana kazi. Kwa hiyo mankozebu inapulizwa kabla ya kuona baka na inarudiwa kama kibandiko kinavyoelekeza, hasa mvua zikishika. Ukisubiri baka la kwanza ndipo uanze mankozebu, umechelewa.

Na metalaksili nayo isikulevye. Ilipoingia sokoni ilionekana kama muujiza. Mwaka 1980 tayari huko Ireland na Uholanzi bakajani chelewa alikuwa ameizoea, kwa sababu wakulima waliitegemea peke yake mfululizo. Ndiyo maana siku hizi nyingi zinauzwa zikiwa zimechanganywa na mankozebu. Usiipige msimu mzima. Mara mbili, tatu, kisha badilisha kiambato. Angalia hapo: nimesema kiambato, sikusema jina la pakiti. Kuna vijana wanabadilisha pakiti ya bluu kwa ya kijani na ndani ni kitu kile kile, halafu wanasema wamebadilisha dawa.

Kuna dawa moja ambayo ukoo wa kielimu wa de Bary unaigusa moja kwa moja. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Mfaransa, Pierre Millardet. Mwaka 1882, huko Médoc karibu na Bordeaux, Millardet alipita kando ya mashamba ya zabibu. Ugonjwa wa ubwiri vinyoya, oomisiti mwingine, ulikuwa umekausha majani kila mahali isipokuwa mistari ya pembeni mwa barabara. Akauliza. Wenyewe walikuwa wamepulizia mrututu na chokaa kwenye mistari hiyo ili zabibu zionekane na rangi mbaya, wapita njia wasiibe! Millardet akaenda kufanyia majaribio, na mwaka 1885 akatangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa. Wakulima wa zabibu Dodoma wanamjua ubwiri vinyoya, na mzee yeyote wa kahawa anaijua dawa ya kopa. Shaba nayo, kama mankozebu, haichagui ukoo, lakini inalinda nje tu. Huyo Millardet asingekuwa amefundishwa kuangalia ugonjwa kama kiumbe chenye maisha yake, nadhani angepita tu njiani kama wengine.

Niseme kidogo upande wa pili, maana msomaji akiishia hapa ataona kila kuvu ni adui. De Bary ndiye aliyesimama mjini Kassel mwaka 1878 mbele ya wanasayansi wenzake akaeleza kuhusu viumbe wa aina tofauti wanaoishi pamoja, akakiita kitu hicho simbiosisi. Mfano wake mkubwa ulikuwa kuvumwani, yale magamba ya kijivu unayoyaona kwenye mawe na magome ya miti: kuvu na mwani katika mwili mmoja. Miaka michache baadaye Mjerumani mwingine, Frank, akakipa jina la maikoriza kile kifungo cha kuvu na mizizi ya miti. Wale mnaootesha miche ya paini mnajua kwamba fundi wa kitalu huchota udongo chini ya paini kubwa na kuuchanganya kwenye viriba. Anachokitafuta ni kuvu hiyo. Bila hiyo mche unabaki wa njano na umedumaa. Kwa hiyo ukimwaga dawa ya kuvu kwenye udongo wa kitalu "kwa usalama tu", bila kujua ndani kuna nani, unaweza kuwa unamfukuza mfanyakazi wako mwenyewe.

Sasa kazi ya mikono. De Bary aliweka majani kwenye unyevu na kusubiri. Nawe unaweza kufanya hivyo leo jioni bila hadubini.

Chuma majani matatu manne yenye baka jipya, siyo yaliyokauka kabisa. Yaweke kwenye mfuko safi wa plastiki wenye kitambaa au karatasi iliyolowa, upande wa chini wa jani ukitazama juu. Puliza hewa kidogo mdomoni mwa mfuko, funga, weka mahali penye ubaridi ndani ya nyumba, mbali na jiko. Asubuhi mapema angalia ukingo wa baka, pale kijani kinapokutana na kahawia. Ukiona unyoya mweupe kama pamba nyembamba, huyo ni bakajani chelewa, nenda na viambato nilivyotaja. Ukikuta baka kavu la kahawia lenye duara ndani ya duara, kama pete za gogo lililokatwa, na hakuna unyoya mweupe, huenda ni bakajani tangulia. Huyo ni kuvu halisi, na hapo zile "konazo" zina kazi, mfano difenokonazo. Usipoona chochote, rudisha mfuko usiku mmoja zaidi kabla ya kwenda dukani.

Yule kijana wa ekari moja na nusu bado analima, na siku hizi ana mifuko yake ya plastiki jikoni kila mvua zikishika. Msimu uliopita alinitumia ujumbe saa kumi na mbili na nusu asubuhi: "Pamba imeota, naenda kuchukua simoksanili, au unasemaje?" Nikavaa buti, nikaenda kuliona jani kwa macho yangu kwanza. Nanyi mkitaka nije, nipigieni mapema hivyo hivyo, kabla ya saa tatu, maana jua likishapanda unyoya unakauka na shambani hauonekani tena.